Jirani Aliyekuwa Akipokea Ndege

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Aliyelala kifudifudi na simu yake ainuke, anayetafuna ameze. Nataka kukuelezeni habari za mtu mmoja, na msiniulize kazaliwa wapi wala mtoto wa nani. Mimi mwenyewe sikumuuliza, na tulikaa tukitazamana, mlango wake na dirisha langu, tokea nywele zangu nyeusi mpaka hivi mnavyoniona. Jina lake wanaolijua wanalijua. Hapa ntamwita Mpokezi, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alipokea ndege.

Sisemi abiria. Ndege yenyewe. Ndege ikishateremka, ikija taratibu pale kiwanjani, huwa kama mgeni aliyeingia ukumbini mwa watu hajui akae wapi. Basi husimama mtu mbele yake na vibao viwili mikononi, mfano wa vile vya kuchezea mpira wa meza, akaiambia kwa mikono: njoo, njoo, kushoto kidogo, polepole. Akivipishanisha vibao juu ya kichwa, lile dude na kelele zake zote husimama. Huyo mtu alikuwa yeye, mpaka alipostaafu.

Mikono yake haikustaafu. Uchochoro wetu wa Kiponda mnaujua, watu wawili wanene hawapishani. Hamali akiingia na mkokoteni wa magunia, Mpokezi hutoka barazani akasimama mbele, akarudi kinyumenyume huku mikono iko juu. Siku moja hamali mmoja kijana akamwambia, "Mzee, njia naijua, nnapita kila siku."

"Hukuulizwa kama unaijua," akasema. "Umeambiwa kushoto."

Yule kijana akaenda kulia, gurudumu likakwama kwenye ngazi ya mlango wa jirani, na vitunguu vikamwagika uchochoro mzima. Mpokezi hakumcheka. Aliokota vitunguu pamoja naye, akamrudisha mkokoteni mwanzo wa uchochoro, akampokea upya. Safari hii kijana alikwenda kushoto.

Na si mikokoteni tu. Pale penye kona, ambapo ukuta umetokeza tumbo, jeneza lilikuwa halipindi ila kwa tabu. Watu walilinyanyua, wakalilaza upande, wenye maiti roho zikiwapanda. Tokea Mpokezi astaafu, kila jeneza lililotoka uchochoroni kwetu yeye ndiye aliyelipitisha pale. Hupiga kelele mtu huyo kwa mazoea yake, lakini kwenye jeneza hakutoa neno. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, viganja vyake vimewaelekea wachukuzi, na wao wakimtazama yeye tu. Mume wangu alipita kona ile hivyo hivyo. Nilikuwa dirishani, nikaiona mikono ya Mpokezi inapanda na kushuka taratibu, nikaona halikugusa ukuta. Hilo sikulisahau.

Sasa nije kwenye chumba chake.

Wenzake wakistaafu huomba hiki na kile. Yeye aliomba vitu vilivyokuwa vimetupwa nyuma ya karakana ya ndege, vinaota kutu na majani. Wakampa, maana walikuwa wanataka kusafisha. Vikaja mjini juu ya gari la ng'ombe, kisha kwenye mkokoteni, na yeye mbele akivipokea. Kiti cha ndege cha watu watatu, kile kilichoshikana, na mikanda yake. Pangaboi moja, lile linalozunguka puani mwa ndege, lililopinda ncha. Gurudumu. Kigari chembamba cha kusukumia chakula. Kidirisha kimoja cha duara kimekatwa na bati lake. Bati refu la bawa. Na mfuko wa upepo, ule wa rangi nyekundu na nyeupe unaotundikwa kiwanjani rubani aone upepo unatoka wapi.

Akavipanga katika chumba cha chini cha nyumba ya kwao, akapaka chokaa ukuta, akaandika juu ya ubao kwa mkono wake: MAKUMBUSHO YA NDEGE. Mfuko wa upepo akautundika nje kwenye kijiti juu ya mlango. Nyinyi mnajua uchochoro ule hauna upepo. Ukaning'inia vile vile siku zote, umenyong'onyea. Bi Time, mshona kofia wa nyumba ya pili, alimwambia mbele ya watu, "Jirani, hiyo suruali yako ya mguu mmoja mwaka mzima haijakauka?"

"Inangoja upepo."

"Basi itazeekea hapo."

Mwisho wanawake wakawa wanaanika soksi za watoto kwenye kile kijiti. Yeye alizianua zilipokauka, akazikunja, akazipeleka kwa wenyewe.

Alikuja pia fundi wa masufuria kutoka Amani, anayeyeyusha mabati. Akaligonga lile bati la bawa kwa kidole, akaweka sikio. "Mzee, hili jepesi halafu gumu. Hapa zinatoka sufuria za pilau, utaniombea dua."

Mpokezi akamtazama. "Hili lishaona mawingu, yakhe. Unataka leo lione vitunguu?"

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alikaa sakafuni, na kiti cha ndege kiko pale pale mbele yake. Mpokezi alinambia habari hiyo baadaye akasema, "Alikaa sakafuni, Bi Jirani. Kaja makumbusho kakaa sakafuni." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesema mvua haikunyesha.

Nitakuelezeni makumbusho yale yaliharibika vipi, maana hayakuharibiwa na mbaya. Yaliharibiwa na wema, na yeye mwenyewe aliufungulia mlango.

Siku ya kufungua alifanya kama anavyofanya mtu yeyote wa kwetu anapofungua kitu. Alialika mtaa, wakasoma Fatiha, ukafukizwa udi. Kahawa na halua akaviweka juu ya kile kigari cha ndege, akakisukuma mwenyewe baina ya watu. Wazee watatu akawakalisha kwenye kiti. Sasa nyinyi fikirini. Kila mtaa mjini una nyumba moja inayowekwa vitu vya shughuli, masufuria makubwa, majamvi, mabusati, na mwenye harusi au msiba huenda pale akaazima, bila malipo, akamaliza akarejesha. Ya mtaa wetu ilikuwa imeshafungwa, wenyewe wamehamia Mombasa. Watu wakaona chumba kimepakwa chokaa, kimesomewa dua, mna kiti kirefu na kigari cha chakula. Wakajua wenyewe walichokijua. Ubao wa mlangoni hakuna aliyeusoma, au aliyeusoma aliona ni mapambo.

Bi Time ndiye wa kwanza. Alimaliza kahawa yake, akakipapasa kile kiti, akasema, "Kizuri. Mimi nna harusi ya mjukuu Alkhamisi."

Mpokezi akafikiri anakaribishwa. "Allah awajaalie," akasema.

"Basi ntawatuma vijana waje wakichukue."

Nilikuwa nimesimama nje mlangoni na wanawake wenzangu, nikamuona uso wake. Alifungua mdomo, akaufunga, akasema, "Waje."

Kikaenda. Bibi harusi akakalishwa pale na wapambe wake, kulia na kushoto, picha zikapigwa, wanawake wakapiga vigelegele, na mtaa wa pili wakasikia kuna kiti cha ndege kwa harusi. Kiliporudishwa kina madoa ya piko la kuchorea mikono, Mpokezi alimuuliza Bi Time jambo moja tu. "Bibi harusi alifunga mkanda?"

"Afunge mkanda anakwenda wapi?"

Tokea hapo haukupita mwezi bila ya kitu kuazimwa. Kiti kikenda harusini, kigari kikenda kwenye maulidi, gurudumu likachukuliwa na watu wa kucheza ngoma walifanye kigoda cha mpigaji. Pangaboi lilipelekwa kwenye hema la msiba likafungwa kamba za turubai, maana zito. Vilirudi vimekwaruzwa, vyengine havikurudi. Kigari kiliazimwa na watu wa Amani, na nasikia mpaka leo kipo, kinauziwa urojo. Chumba kikawa kinakaa nusu tupu, na yeye ndani yake, amevaa shati la kazi lililopigwa pasi.

Nilimwambia siku moja kutoka dirishani, "Jirani, kwani huwezi kusema hapana?"

"Mtu ana msiba, Bi Jirani, anataka kiti. Nimwambie nini, kiti changu kinatazamwa?"

"Mwambie hivyo hivyo."

"Na mimi siku yangu? Nani atanipitisha pale konani?"



Lakini vibao hakumwazima mtu. Hapo mnaweza kushangaa, mtu aliyetoa kiti na gurudumu na kigari. Vibao vyake viwili vilitundikwa kwa msumari nyuma ya mlango, vimefunikwa kitambaa. Mwalimu mmoja wa skuli alikuja akaviomba kwa mchezo wa watoto wa sikukuu. Mpokezi alimwambia, "Chukua pangaboi." Mwalimu akasema pangaboi la nini kwa watoto. Akamwambia, "Basi watoto wapunge mikono tu, wanayo."

Mtu huyu alikuwa na masikio mabovu, na hili ndilo lililonitia mimi katika habari yake. Kukaa na mashine zile miaka yote kulimla masikio. Husema kwa kelele kama aliye kiwanjani bado, na wewe humwambii kitu mpaka akuone mdomo. Sasa mtu anafungua makumbusho, anangoja wageni, na kwetu mgeni hupiga hodi mlangoni. Wakipiga hodi hasikii. Mara ya pili hasikii. Mara ya tatu mwenye adabu zake huondoka. Mimi nikiona yote hayo kutoka juu. Wazungu na ramani zao, mwanafunzi mmoja wa kutoka Bara, mke na mume wa Kihindi na mtoto wao, wanasimama, wanagonga, wanatazamana, wanaondoka. Na yeye yumo ndani kakaa kwa kuelekea bati lake, anangoja.

Ndipo nikaanza kumpigia kelele. Nikiona mtu kasimama pale mlangoni, nachukua kifuniko cha sufuria nakigonga kwenye chuma cha dirisha, halafu nasema kwa sauti, "Una mgeni." Mlio wa chuma alikuwa akiusikia. Hutoka haraka, akivuta shati lake liwe sawa, macho yanamtafuta mgeni, na mkono mmoja umeinuka kwangu wa kushukuru.

"Bi Jirani," alinambia, "wewe ndo mnara."

"Mnara gani tena?"

"Kiwanjani pana mnara. Aliyemo juu ndiye anayeona nani anakuja. Mimi wa chini nilikuwa sijui kitu mpaka mnara useme."

"Na huyo wa juu hateremki?"

"Hateremki. Akiteremka nani ataona?"

Basi tukawa hivyo. Mimi juu yeye chini. Nikimwambia una mgeni, na mara nyingi nilikuwa nikimdanganya bila kutaka, maana mgeni mwenyewe alikuja kuuliza njia ya Forodhani, au kuazima. Mpokezi humkaribisha vile vile. Aliyekuja kuuliza njia alionyeshwa njia kwa mikono miwili, kushoto, moja kwa moja, simama, na akaondoka hajui kwa nini yule mzee amemwongoza kama gari.

Alichokitaka kilikuwa kitu kimoja, na alikisema wazi, hakukificha. Alitaka aje mtu mmoja kwa miguu yake, si kapotea, si anaazima, akae kwenye kiti, afunge mkanda, atazame kwenye kile kidirisha, na aseme ameona nini. Mmoja tu. "Makumbusho hayahitaji watu wengi," alisema. "Ndege huja na rubani mmoja, na mimi nikampokea."

Mtaniuliza, na wewe bibi? Ulikuwa ng'ambo ya uchochoro. Nitakujibuni na sitaki mjadala. Mimi mjane, yeye mkewe alishatangulia, hana mtoto ndani. Mwanamke wa makamo yangu haingii chumba cha mwanamme aliye peke yake, hata kama ndani mna ndege. Ningeingia, Bi Time angeshona kofia na habari yangu pamoja. Nikawatuma nyinyi. Mlikwenda, mkapiga picha na pangaboi, mkarudi kabla chai haijapoa. Nilikuulizeni mmeona nini, mkasema vitu vya zamani. Sikukupigeni, lakini nilitaka.

Watu humdhania kwamba alipenda kuruka. Hakupenda. Alipanda mara moja tu, walipompa safari ya kwenda Dar siku za mwisho za kazi yake, na akarudi kwa boti. Nikamuuliza kwa nini, wewe mtu wa ndege. Akasema, "Ukiwa ndani huioni ndege. Unaona kisogo cha mtu." Kisha akafikiri, akaongeza, "Na nilipofika Dar alinipokea kijana mmoja na vibao. Nilimuona dirishani. Anapokea vizuri. Nikataka kuteremka nimwambie, wakanipitisha mlango mwengine."

Hicho nadhani ndicho kilichomfanya akichukue kile kidirisha akiweke pembeni ya kiti. Alikuwa anataka mtu akae aone kama alivyoona, kwamba chini yupo mtu amesimama kwa ajili yako. Alivyofikiri hasa sijui, ndani ya mtu ni ndani ya mtu. Ila ndege ikipita juu alisimama. Akiwa barazani anacheza karata alisimama, akiwa anakula alisimama na tonge mkononi. Masikio hayasikii hodi lakini ndege aliisikia, nadhani kwa miguu. Hutazama kile kipande chembamba cha mbingu kilicho baina ya mapaa, na ndege haionekani, imeshapita. Hukaa tena. Wachezaji wenziwe walimngoja kwanza, baadaye wakawa hawamngoji, wakicheza zamu yake.

Peke yake, kila Ijumaa baada ya kusali, alifanya jambo ambalo mimi tu nililiona. Alifunga mlango wa makumbusho kwa nje. Akaenda mpaka mwisho wa uchochoro. Akarudi na kanzu yake safi, polepole, akisoma ule ubao kama anausoma mara ya kwanza. Akapiga hodi. Akangoja. Kisha akafungua, akaingia.

Mara ya kwanza nilishika kifuniko cha sufuria nigonge. Nilipokwishamjua ni yeye, nikakiweka chini. Ningemwambia nini, una mgeni?

Mwisho wake wenye nyumba walitaka chumba chao. Msiwalaumu. Ile ni nyumba ya urithi, yeye ana sehemu, Salma, binti wa nduguye, ana sehemu, na kaka yake Salma ana sehemu. Vyumba vya chini vyote vya uchochoro vilikuwa vimeshakuwa maduka ya watalii, ya kanga na viungo na picha za Wamasai. Wakaja kuzungumza naye kwa adabu. Nilikuwa dirishani nawasikia, maana na wao ikabidi wapige kelele.

"Ami, chumba kimekaa bure."

"Hakijakaa bure. Nnapokea."

"Unapokea nani, ami?"

Uchochoro mzima ulikuwa unasikiliza. Mpokezi aliwatazama midomo yao, mmoja mmoja, kuhakikisha amelisoma sawa. Halafu akaingia ndani kuvitoa vibao vyake kwenye msumari.

Chumba kikakodishwa, yeye akahamia Bububu, nje ya mji, kwa Salma, mtoto mzuri yule, alimtengea chumba na akamwacha aje na kile kiti na kidirisha, vilivyobaki. Bati la bawa akalichukua fundi wa Amani. Siku waliyobeba kiti, Mpokezi alirudi kinyumenyume mpaka mwisho wa uchochoro, akikipokea. Kwenye kona hakikugusa. Akainua mkono kwenye dirisha langu, nami nikagonga chuma mara moja. Mfuko wa upepo aliusahau. Bi Time akauteremsha, akaufua, akautia ndani ya sanduku lake, na mpaka leo ukimtajia hukasirika.

Uchochoro ulikuja kuwa na taa nyingi na muziki. Mimi nikawa nakaa dirishani na kifuniko changu, sina wa kumwambia.

Nilikaa hivyo kiasi. Halafu nikamwambia mwanangu anipeleke Bububu. Akaniuliza kuna nini, kuna mgonjwa? Nikamwambia nnakwenda makumbusho. Alinitazama, akaona sina mchezo, akachukua ufunguo wa gari.

Nyumba ya Salma iko ndani kidogo kutoka barabarani, ina uwanja na migomba. Niliteremka nikamwambia mwanangu abaki garini. Kiti nilikiona kutoka getini, kiko kibarazani, na kile kidirisha kimening'inizwa kwa waya ubavuni mwake. Mpokezi amekaa kwenye kigoda kidogo pembeni, si kwenye kiti, amekonda, shati limepigwa pasi. Salma alikuwa uani anafua. Hakuna aliyeniona.

Nikapiga hodi. Nilijua hasikii, lakini hodi haiachwi. Kisha nikaokota jiwe nikaligonga kwenye chuma cha geti, nikasema kama nilivyokuwa nikisema, "Una mgeni."

Alisimama pale pale. Akalivuta shati lake. Akaniona, akainua mkono kunishukuru, na macho yake yakanipita. Alitazama nyuma yangu, barabarani, kulia na kushoto, anamtafuta.

"Yuko wapi, Bi Jirani?"

"Ndo mimi."

Hakuusoma mdomo wangu vizuri. Akatazama tena barabarani. Ikabidi nijipige kifuani kwa kiganja, kama mtu mjinga. "Mgeni mwenyewe ni mimi. Nimekuja kutazama."

Salma alikuwa ameshatoka, mikono ina povu, akanambia, "Shikamoo, bibi, karibu ndani." Nikamwitikia marahaba. Mpokezi akamzuia kwa mkono.

"Asiingie bado," akasema. "Bi Jirani, rudi getini."

Magoti yangu mnayajua. Nilirudi. Yeye akaingia ndani, akakawia, akatoka na vibao. Kitambaa kilikuwa kimeshavuliwa. Akasimama katikati ya uwanja, akaniangalia, akainua mikono yote miwili juu.

Nikaenda. Njoo, njoo. Nilikuwa nakwenda mrama, maana miguu yangu haiendi sawa, na kila nilipopinda kibao cha upande ule kilinambia. Kushoto kidogo. Pana bomba la maji, kulia. Polepole. Mtu aliyekuwa akisema kwa kelele maisha yake yote hakusema neno, na mimi nilimtazama yeye tu. Nilipofika mbele ya kiti akavipishanisha vibao juu ya kichwa, nikasimama.

Nikakaa penye dirisha. Nikafunga mkanda, alinionyesha unavyobana. Nikatazama. Niliona migomba, nguo za Salma kambani, kipande cha mbingu. Na nilimuona yeye, amezunguka akasimama upande wa pili wa kioo, na vibao vyake chini, ananingoja niseme.

"Umeonaje?"

"Kigumu kiti chako," nikamwambia.

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Ndivyo vilivyo, Bi Jirani. Ndivyo vilivyo vyote."

"Na nimekuona."

Hili aliliona mdomoni mwangu sawasawa. Ikapita ndege, imetoka kiwanjani inapanda kuelekea kaskazini, na pale Bububu mbingu ni pana, ilionekana nzima. Aligeuka akaitazama mpaka ikaishia. Nilitaka kusimama kama yeye, mkanda ukanizuia, nikakaa.

Tulikunywa chai, Salma akiwa pamoja nasi. Nilipoondoka alinisindikiza mpaka getini, akanambia, "Mnara umeteremka."

"Na juu hapana mtu sasa," nikamwambia.

"Haidhuru. Leo hakuna mwengine anayekuja."

Alifariki katika masika iliyofuata. Hakuzikwa kutoka kwetu, alizikwa kule kule, na njia ya kule haina kona, jeneza lilikwenda moja kwa moja. Vibao sikuuliza viko wapi. Baada ya siku za msiba Salma akaniletea kiti na kidirisha, akasema ami ameacha maneno viwe kwangu. Vijana wakavipandisha ngazi kwa tabu, wakaviweka ukumbini mbele ya lile dirisha langu la uchochoroni. Hapo mnapovikuta.

Haikumalizika wiki. Mjukuu wa Bi Time akaja, mtoto mwenye adabu, akasimama mlangoni. "Bibi, mama kakusalimia. Anasema tuna shughuli Ijumaa, tunaazima kile kiti cha ndege."

Nyumba yote ikanitazama mimi, maana kwetu hapajatoka mtu mikono mitupu. Nikawaambia, na sijabadilisha mpaka leo: "Mpeni majamvi, mpeni sufuria zote mbili kubwa. Kiti hakitoki humu. Anayekitaka mwambieni aje yeye, avue viatu, akae, afunge mkanda, atazame kwenye kidirisha, na mmoja wenu asimame upande wa pili mpaka aseme ameona nini."